Ghayyir Zeti

Gari lilianza kukataa gia ya tatu siku ya Ijumaa, na biriani ya watu imo nyuma. Hezron alikuwa kwenye usukani, Bi Mwatima kando yake na mkoba mapajani, wanatoka mtaa wa Baghdadiya kwenda mtaa wa Aziziya kwenye akika ya mjukuu wa mteja wao mkubwa. Gia ya kwanza iliingia kwa kusitasita. Ya pili ikapiga kishindo hata mifuniko ya masufuria ikalia. Kisha injini ikapandisha sauti, ikapandisha, na gari lenyewe likabaki na mwendo wake uleule wa mgonjwa.

"Kanyaga basi," alisema Bi Mwatima.

"Nimekanyaga, mama. Haishiki."

"Haishiki vipi? Si inajibadilisha yenyewe hii?"

"Inafaa ijibadilishe. Lakini inateleza."

Nyuma yao honi zilikuwa zimeshaanza, na Waarabu wa Jidda hawana subira na mtu anayetambaa. Mmoja aliwapita, akateremsha kioo, akasema neno ambalo Bi Mwatima alilisikia na Hezron hakulielewa. Bi Mwatima alivuta buibui lake na kutazama mbele.

Walifika wageni wameshatoka msikitini zamani na wamekaa na njaa yao. Mwenye nyumba aliwasubiri mlangoni, mikono kiunoni. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aliwaambia wapitie mlango wa nyuma, akafunua sufuria moja, akatia kidole kwenye wali kama anayepima maji ya mtoto, halafu mbele ya watumishi wake akasema kuwa mara nyingine ataagiza hotelini. Bi Mwatima, aliyewapikia watu wa mji huo tangu nywele zake nyeusi, aliomba radhi na kuanza kupakua. Bangili zake za dhahabu zililia kila alipochota wali. Hezron aliisikia ile sauti na ikamuuma moyoni.

Ile waneti, kama wenyeji wa huko wanavyoiita pikapu, ndiyo iliyokuwa mikono na miguu ya nyumba ile. Mume wa Bi Mwatima alikufa akaiacha. Nyumbani walikuwa watu watatu tu: Bi Mwatima mwenyewe, Mzanzibari aliyezaliwa hukohuko Jidda, mwanawe wa pekee, Salem, kijana wa miaka ishirini na sita, na Hezron, dereva aliyetoka Kitale, ambaye siku ya kwanza alimwita "madam" akajibiwa, "Madam mie? Mbona waniita kizungu? Niite mama."

*

"Jana gari ulilipeleka wapi?" Bi Mwatima hata buibui hakulivua. Salem alikuwa sebuleni anakunywa chai.

"Kornishi. Mimi na Badawi. Tumekula samaki, tukarudi."

"Na mchangani?"

"Mchanga sikuugusa, mama."

"Ndivo ulivosema mara ile. Ukaapa na kuapa, na mchanga umejaa mpaka ndani ya redio. Umelipeleka jangwani kulizungusha na wenzio, umenivunjia springi, ukanitazama machoni ukaapa."

"Mara ile ni mara ile. Nilikosa, nikasema nimekosa. Safari hii sikufanya." Salem aliweka kikombe chini, akamgeukia Hezron aliyekuwa amesimama mlangoni na masufuria matupu. "Si huyu ndiye alofungua boneti jana asubuhi? Mwulize yeye kafanya nini."

"Mimi niliweka oili tu," alisema Hezron. "Vile mama aliniambia."

"Zeti nilimwambia mimi," alidakia Bi Mwatima. "Nimemwambia kwa mdomo wangu, na galani nimelinunua mimi. Usimtwishe mtoto wa watu mzigo wako. Loo, kweli kikulacho ki nguoni mwako. Mimi leo nimetiwa kidole kwenye wali wangu, Salem. Mbele ya watumishi."

"Mama, skiza..."

"Siskizi. Ondoka nyumbani kwangu, na usirudi mpaka ujue kusema kweli."

Salem aliingia chumbani, akatoka na begi, akapita karibu na Hezron bila kumgusa hata bega. Baadaye zikaja habari kwamba yuko Riyadh, jamaa mmoja kamtafutia kazi ya kulinda mlango kwenye jengo la maofisi huko Olaya.

Siku hiyo Hezron alilala usingizi wa mtu mwema. Ukweli ni kwamba alimwonea Bi Mwatima huruma na kumwona yule kijana amepata haki yake. Alijisemea kwamba watoto wa mjini ndivyo walivyo, gari la kurithi wanaona ni la kuchezea.

*

Waliendelea kulitumia hivyohivyo siku kadhaa, kwa oda ndogondogo za sambusa na mikate, mpaka likawa halitaki hata kurudi nyuma. Ndipo Bi Mwatima akasema basi, twende sinaiya. Huko ndiko kwenye magereji, mlango kwa mlango, na harufu ya oili inakupokea kabla hujashuka.

Fundi wao, Msudani mmoja mrefu, alikuwa bado ana gari la mtu juu ya jeki. Wakapewa viti vya plastiki nje. Duka la jirani lilikuwa la oili, na kijana wa Kibangali alisimama barabarani akiliuliza kila gari linalopunguza mwendo: "Ghayyir zeti? Ghayyir zeti?" Likiingia analifungua chini, anamwaga oili nyeusi ya injini, anatia mpya, anafuta mikono, anarudi barabarani.

Hezron alimtazama kijana yule mpaka akashangaa.

"Mama, huyu jamaa anaita watu wa oili ya gia, lakini mbona kila gari anamwaga oili ya injini?"

Bi Mwatima alicheka. Tangu Ijumaa ile hakuwa amecheka. "Gia gani tena, Hezron? Ghayyir. Ghayyir ni badili. Badili zeti. Kwani mimi nilikwambiaje siku ile pale mlangoni?" Akampiga kofi dogo gotini, kama anavyopigwa mtoto aliyesema kichekesho. "Wewe Kiarabu chako kitatuua sote."

Hezron naye alicheka, kisha akaacha ghafla.

Pale mlangoni. Bi Mwatima simu sikioni, anabishana na muuza kuku, kidole kinaonyesha galani: "Hezron, ghayyir zeti kabla hujatoka." Zeti alishajua ni oili. Na ile nyingine alisikia gia. Oili ya gia. Huko Kitale alikuwa ameendesha pikapu za gia za mkono maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba otomatiki ina oili yake peke yake, nyepesi, nyekundu, isiyotaka kuchanganywa na kitu. Alifungua boneti, akaona vijiti viwili vya kupimia. Akafuatisha bomba la kile cha nyuma kwa kidole mpaka akaliona linashuka kwenye giaboksi. Akatia mrija, akamimina hata galani likabaki jepesi. Na alijisifu! Alijisifu kwamba amepapata bila kuuliza mtu.

"Yalla," aliita fundi.

Fundi alilizungusha gari mtaa mzima, akarudi, akaliacha linanguruma. Akapeleka kigingi cha gia huku na huku, akingoja kila mara, kichwa kainamisha, asikie linachukua muda gani kushika. Halafu akachomoa kile kijiti cha nyuma. Akakifuta kwa kitambaa cheupe, akakirudisha, akakichomoa tena. Akasugua oili kwa vidole viwili, akanusa, akampa Hezron naye anuse. Ilinuka kitu kilichoungua. Badala ya wekundu wa juisi ya rozela, kitambaa kilikuwa na rangi ya chai ya rangi, na alama ya oili ilipita mbali pale ilipotakiwa kufika.

Alisema maneno marefu. Bi Mwatima akamgeukia Hezron kumfasiria.

"Anauliza, kuna mtu alotia kitu humu? Zeti nyengine?" Fundi akaongeza jambo, naye akaongeza. "Anasema akijua kilotiwa, atamwaga, atasafisha, huenda ikapona. Asipojua itabidi aifungue."

Hezron alikitazama kile kitambaa. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi, sentensi moja tu: mama, ni mimi, nilisikia gia. Lakini miezi yake ya majaribio ilikuwa haijaisha. Ikama yake, kibali cha kuishi nchini, haijatoka, na kafili wake, mdhamini wa kibali hicho, ni huyuhuyu mama anayemtazama. Na wala si woga peke yake. Mwanamke huyu alikuwa amemfukuza mtoto wa tumbo lake, na amemfukuza akimtetea yeye. Mtu anamwambiaje mtu jambo kama hilo, amekaa kwenye kiti cha plastiki, ametoka kucheka sasa hivi?

"Hapana, mama. Hakuna kitu."

Bi Mwatima akamgeukia fundi. "La, wallahi," alisema, akaendelea kwa Kiarabu huku mkono wake umekaa begani kwa Hezron. Hezron aliielewa ile wallahi. Yale mengine hakuyaelewa, ila aliona fundi anamtazama, anautazama ule mkono, kisha anainua mabega.

Fundi alifungua karai la chini ya giaboksi. Mlikuwa na unga mweusi na chenga za chuma zinazometa. Alizipekua kwa ncha ya bisibisi, akasema.

"Klachi za ndani zimeungua," alifasiri Bi Mwatima, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Anasema ikiwa hakuna zeti mbaya, basi ni gari lilochezewa mchangani. Vijana, anasema, wanayaleta hivi kila siku. Hii hairekebishiki. Tutafute nyengine." Alifunga mkoba wake. "Unaona? Nilijua mimi. Nilijua tu. Afadhali wewe, Hezron, mtoto wa watu, kuliko niliyemzaa."

*

Jikoni kwa Bi Mwatima kulikuwa na sauti mtu akiizoea haisikii tena: bangili zikigongana anapokanda unga. Asubuhi moja Hezron aliingia kuchukua chai, akahisi nyumba imekuwa kama ina mgonjwa. Mama anakanda, na hakuna sauti. Mikono yake ilikuwa mitupu, na pale penye bangili ngozi ilikuwa nyeupe kidogo.

"Mama, bangili?"

"Zilikuwa zinanibana." Hakuinua macho. "Giaboksi imepatikana tashlihi ya Riyadh, kwenye magari yalokufa. Bei yake ya huko si kama ya hapa. Kesho upande basi. Uikague, uitie kwenye lori la mizigo, urudi."

Bangili zile alivishwa siku ya harusi yake. Hezron alishasimuliwa, zaidi ya mara moja. Alisimama na kikombe chake mkononi. Angeweza kusema pale. Alifungua mdomo, na Bi Mwatima akasema, "Ukifika huko usihangaike kutafuta watu. Kilichokupeleka ni giaboksi."

"Sawa, mama."

Asubuhi ya safari alimpa hotpoti kubwa imefungwa kwa kanga: sambusa, mkate wa kumimina, kuku wa kukaanga. Na juu yake kichupa cha chatini ya pilipili. Hezron hali pilipili. Nyumba nzima inajua, pilipili ikimgusa ulimi anatokwa machozi hadharani. Alikitazama kile kichupa, akamtazama Bi Mwatima, naye Bi Mwatima alikuwa ameshageuka anafagia mahali palipokuwa safi.

Njia nzima ya jangwani Hezron alikaa na ile hotpoti mapajani, na kila alipoihamisha ilimzidi uzito.

*

Tashlihi ilikuwa kusini mwa Riyadh, magari yamelala juu ya magari mpaka macho yanaposhindwa. Muuzaji alimchomolea kijiti bila kuombwa. Kitambaa kikatoka chekundu, kisafi, hakina harufu ya kuungua. Basi hivi ndivyo ilivyotakiwa kuwa. Alisimama pale juani ameshika kitambaa cha mtu, mpaka muuzaji akamuuliza kama kuna mushkila.

"Mafi," alisema Hezron. "Mafi mushkila." Aliona haya kwa jinsi neno lile la "hakuna" lilivyomtoka kwa urahisi.

Alipomaliza na watu wa lori, alipanda metro mpaka Olaya, akalitafuta lile jengo la maofisi. Salem alimwona kabla yeye hajamwona. Alikuwa amesimama mbele ya mlango wa vioo, sare imempwaya mabegani, kofia imemshuka masikioni. Mtu mmoja aliyetoka ndani, anaongea na simu, alimkabidhi gilasi ya karatasi ya kahawa iliyokwisha, bila kumtazama usoni, na Salem akaipokea akaenda kuitupa.

"Mama kakutuma?" aliuliza aliporudi.

"Amenituma giaboksi."

"Na hiyo?"

"Hii ni chakula."

Alipopata nafasi walikaa kwenye ngazi za nyuma ya jengo, penye mapipa. Hezron alifungua kanga, akafunua hotpoti. Salem aliona kile kichupa cha pilipili, na uso wake ukalegea kidogo, kisha ukakaza tena. Akaifunika hotpoti kwa mkono wake mwenyewe na kuisukuma kando.

"Salem, hiyo gari haukuiharibu wewe." Hezron alijikuta anaongea na mapipa. "Ni mimi. Mama alisema ghayyir zeti, mimi nikasikia gia. Nikaweka oili ya injini kwa giaboksi, karibu galani nzima. Sikujua. Nakuapia sikujua."

Gari la taka lilipita barabarani.

"Umejua lini?"

"Kule kwa fundi."

"Kabla hajaifungua au baada?"

Hezron angeweza kusema baada. Nani angejua?

"Kabla. Aliuliza kama kuna mtu ameweka kitu. Nikasema hapana."

"Basi." Salem alivua kofia, akaiweka gotini. "Ile ya gia ulikosea. Hata mimi nilipokuwa mdogo neno hilo lilinichanganya. Lakini ya kwa fundi hukukosea, Hezron."

"Najua. Nisamehe, ndugu yangu."

"Halafu waniambia mimi? Mimi si nilikuwa najua tangu siku ile kwamba si mimi? Asojua yuko Jidda."

Hezron alitoa simu. Akakosea namba ambayo anaipiga kila siku. Bi Mwatima alipokea kwa haraka ya mtu aliyekuwa amekaa nayo mkononi.

"Umeipata? Ni nzima?"

"Nimeipata, mama. Ni nzima. Mama, kuna kitu nataka kukuambia, na tafadhali usikate."

Alimwambia yote. Mlangoni, galani, kijiti cha nyuma, Mbangali wa ghayyir zeti, na kitambaa cheupe cha fundi. Upande wa pili bomba la maji lilikuwa linachuruzika.

"Neno nimelitamka mimi," alisema Bi Mwatima hatimaye, polepole. "Hilo la mlangoni ni langu na wewe. Lakini umeniapisha, Hezron. Nimeapa kwa jina la Mungu, kwa Kiarabu, mbele ya mtu, nimekushika bega. Uwongo. Umeniapisha uwongo na mimi nacheka nawe."

"Ndiyo, mama."

"Na bangili ukaniuliza ziko wapi."

Machozi yalimshuka Hezron bila pilipili, na hakuyafuta kwa sababu mkono mmoja ulishika simu na wa pili hakujua aufanye nini. Kama angemtukana ingekuwa nafuu.

"Urudi na hiyo giaboksi," alisema Bi Mwatima. "Yako wewe tutazungumza hapa, uso kwa uso. Sikuahidi kitu." Kisha sauti yake ikashuka. "Umempigia mtu huko? Umemwona?"

"Yuko hapa, mama. Tumekaa naye."

"Mpe simu."

Hezron alinyoosha simu. Salem alitikisa kichwa. "Mwambie niko kazini."

"Anasema yuko kazini, mama."

"Mwambie... mwambie nimeskia. Nimeskia yote."

"Anasema amesikia yote."

Salem alikuwa akikunjakunja ukingo wa kofia. "Nshafahamu."

"Anasema ameelewa, mama."

Hivyo ndivyo alivyojikuta, Hezron wa Kitale, anamfasiria Mzanzibari kwa Mzanzibari, Kiswahili kwa Kiswahili, kama vile yeye alivyofasiriwa kule sinaiya.

"Mwulize," alisema Bi Mwatima, na sasa sauti ilikuwa inakatika, "mwulize kala?"

"Anauliza umekula."

"Mwambie nimekula. Nimeshiba."

Hezron aliitazama ile hotpoti pale kwenye ngazi, kifuniko kimefungwa, kanga imeanguka kando, kichupa cha chatini kimejaa mpaka shingoni.

"Anasema amekula, mama. Lakini hajala. Chakula kiko hapa vile ulikifunga."

Salem aligeuka akamkazia macho, na kwa muda Hezron alidhani atapigwa. Kisha yule kijana akanyoosha mkono, na Hezron akampa simu.

"Mama," alisema Salem. "Kweli, mama. Sijala."